Mlimani Hakuna Solo

Wacha nianze na ndula, ju ndula ndio zilinichoma.

Zilikuwa nyeupe, safi, za kupiga nazo luku tao Jumamosi. Manzi wangu aliziangalia mara moja, akasema, "Beib, hizo ni za kupanda lifti." Nikamwambia asijali, mimi huchezanga bol kila Jumapili na mapafu iko fiti. Hakunijibu. Ako na kibanda ya mitumba huku Umoja, kwa hivyo ashazoea kuachilia kastoma akosee na doh yake.

Form ya safari yenyewe ilikuwa yake. Ilikuwa mwisho wa Mei, Madaraka imekaribia, na simu imejaa picha za wasee wa majuu wamelala kwa maua, ati ni springi. Sisi hatunanga hiyo. Sisi tuko na masika: inaingia Machi, inatunyeshea hadi mitaro za mtaa zinageuka mito, halafu siku moja inaamka imechoka. Aliniambia hapo mvua ikichoka ndio mlima inakuwanga kijani, vumbi imelala, na watu wa Agosti hawajafika. Mimi nilikuwa nadhani tunaenda Naivasha kudishi samaki. Akasema Mlima Kenya. Nikacheka. Akaniangalia venye anaangalianga msee wa kuitisha jaketi ya thao na finje.

Huyu dem anajua jaketi, lazima niseme. Siku mbili kabla ya safari tuliraukia Gikomba, na nikamwona akiwa kazini. Anageuza jaketi ndani nje, anaangalia mishono. Kama mishono imebandikwa utepe, hiyo ni ya mvua ya ukweli. Kama haina, hiyo ni ya mvua ya picha. Alitoka na jaketi mbili, marvin mbili, glavu, soksi za sufu, na buti zake zenye meno chini, zote bei ya kiatu moja ya dukani. Akaniulizia saizi yangu. Nikasema niko sawa.

Ijumaa hiyo saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa Tea Room, pale Accra Road, ndani ya mat ya Nanyuki. Hiyo safari ni kama kilomita 200, na wacha nisiwachoshe: Thika Road, Kenol, Sagana, Karatina, mimi nikikoroma kwa bega yake. Aliniamsha Naro Moru ati nione mlima. Mlima haikuwa. Kulikuwa na mawingu tu, nzito ka blanketi ya shosho. Makanga akacheka, akasema hiyo kitu huonekana asubuhi na jioni, mchana inajifichanga. Akanipea chenji, na kwa koini ya mbao nikaiona: ile ngao ya serikali, simba mbili na mikuki, zimesimama juu ya mlima. Miaka yote nimebeba huyo jamaa kwa mfuko na sijawahi msalimia.

Nanyuki tulishuka pale ikweta kwanza, ju kila mtu hushuka. Kuna bango ya manjano, kuna wasee na beseni yenye shimo. Wanakuonyesha maji ikizunguka upande huu huku, upande ule kule, na katikati inashuka tu straight. Inabamba, toa soo yako, piga picha. Lakini usiibebe kwa kichwa ka sayansi. Dunia inazunguka, ndio, ila nguvu yake haiwezi sukuma maji ya beseni. Ni mkono wa msee venye anamwaga. Manzi wangu alimkazia macho dakika moja, akasema, "Huyu ni mwenzangu, huyu ni wa biashara."

Sasa, hii ndio rada ya kushika mapema. Geti za mlima huo hazikubali msee apande solo. Watu walikuwa wanapotea juu kwa ukungu, wengine siku kadhaa, na wengine hawakuwahi rudi. Uwe na mwenzako ama uwe na gaidi, yaani guide wa mlima. Sisi tulikuwa wawili, tungeruhusiwa, lakini manzi alisisitiza tuchukue gaidi, mzae mmoja wa Nanyuki mwenye miguu nyembamba ka fito na hana haraka na kitu yoyote duniani. Doh ya kuingia unalipa kwa simu, eCitizen, kesh hawashiki. Lipa ukiwa bado Nanyuki kwenye netiwaki.

Tulichagua njia ya Sirimon, upande wa kaskazini, ndio mkavu kuliko zile zingine. Kutoka Nanyuki unafuata barabara ya Meru kama kilomita 15, unakata kulia, halafu kama 10 hivi hadi geti. Hapo tayari uko mita 2,650 juu ya bahari. Nai yenyewe iko karibu 1,700, kwa hivyo msee wa Nai ako na nafuu kidogo kuliko msee wa Mombasa. Hiyo ndio ilinidanganya.

Kwa geti, renja akafungua begi yangu. Nilikuwa nimebeba chupa sita za plastiki, maji na soda.

"Afande, hiyo ni maji tu."

"Najua ni maji. Chupa ndio shida, kijana."

Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziingii mbuga za Kenya, na mimi nilijua, ju nilikuwa nimeambiwa na mtu fulani mwenye alikuwa amesimama nyuma yangu na chupa mbili za chuma, kimya kabisa. Renja hakunipigia kelele. Alichukua chupa zangu, akaniwacha na begi nyepesi na uso nzito. Nyani mmoja alikuwa amekaa juu ya paa akiangalia hizo soda ka jamaa anangoja urithi.

Kutoka geti hadi kambi ya Old Moses ni kilomita 9, na kambi iko mita 3,300. Kilomita 9, nikasema, si hiyo ni kutoka Umoja hadi tao? Nikatoka nduki. Nilienda mbele dakika ishirini, nikiwa nimewasha miziki, nikiringa. Halafu mtu akafunga bomba ya hewa. Sijui niseme aje. Kifua inapiga ka subufa ya nganya, miguu ni yangu lakini haisikii. Nikakaa juu ya jiwe. Nikaona hao wawili wanakuja kwa kona, mos mos, manzi wangu anaimba.

Gaidi akanipea somo moja tu siku hiyo yote. "Mwendo unapimwa na mdomo, kijana. Ukiweza kuimba, uko sawa. Ukishindwa kumaliza mstari, umepita." Manzi aliimba kilomita tisa. Mimi sikumaliza mstari moja.

Nilipopunguza ndio nikaanza kuona. Chini kuna msitu, mierezi na podo zenye ndevu za kijivu zinaning'inia, na juu yake mbega, wale weusi wenye joho nyeupe, wanaruka ka mapadri wamechelewa misa. Kwa barabara kulikuwa na mavi ya ndovu, kubwa, bado inatoa moshi. Hapo ndio nikajua kwa nini gaidi hutembea mbele. Aligusa na kijiti, akasikiza msitu, akasema wamepita, twendeni. Manzi alishika mkono yangu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikahisi niko na kazi.

Halafu miti inaisha. Inaisha tu, ka nywele za mbuyu wangu, na unaingia uwanja wa nyasi na vichaka na upepo. Hapo ndula zangu zikakufa. Njia ilikuwa na matope ya mvua ya masika, mekundu, na hizo soli laini zikawa sabuni. Nilianguka mara tatu. Mara ya tatu nikabaki hapo chini. Dem hakucheka. Alifungua begi yake, akatoa buti. Za kiume. Saizi yangu. Amezibeba kutoka Gikomba, na gramu zake zote, akingoja.

"Ungeniambia," nikasema.

"Nilikuambia Umoja."

Kambi yenyewe ni nyumba ya kawaida tu, vitanda za kupandana, magodoro, meza ndefu. Usiende ukitarajia hoteli. Sliping begi tulikodi Nanyuki, na stovu pia, ju mambo ya kuwasha nare ya kuni huko gaidi alisema tusahau. Ako na sababu: 2012 moto ulichoma hiyo nyasi, 2019 ukarudi tena. Tulidishi chapo na ndengu za kupasha moto, na chai, chai, chai. Saa mbili usiku kichwa yangu ikaanza kugonga. Gaidi akaniangalia macho, akaniuliza jina langu na siku ya leo, akasema ni urefu tu, kunywa maji, na ikizidi tunashuka hata saa nane ya usiku. Hakuna dawa inashinda kushuka, alisema. Asubuhi ilikuwa imeisha.

Lakini hiyo usiku, maze. Tulitoka nje tumejifunika sliping begi moja mabegani. Chini kabisa, Nanyuki ilikuwa ka mtu amemwaga glita, na Laikipia nyeusi hadi mwisho. Simu yangu ilikuwa na asilimia nne. Nikalalamika stima. Manzi akauliza, "Unajua stima hutoka wapi?" Nikasema kwa posti. Ndio akanichanua: Mto Tana unakunywa maji ya huu mlima na ya Aberdare, halafu unapita kwa mabwawa yamefuatana, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere, na kila moja inazungusha mitambo. Taa ya kibanda yake, freeji ya maziwa ya jirani, subufa ya nganya, sehemu ya hiyo stima imeanzia kwa huu mlima. Nikazima simu. Ilikuwa imebaki tatu.

Alfajiri tulipanda juu ya kambi kama lisaa limoja hivi, na pazia ikafunguka. Batian mita 5,199, Nelion 5,188, zimesimama ka meno ya mzee, na viraka za barafu katikati. Pembeni ni Lenana, 4,985, ndio watu wa miguu hufika. Hizo zingine mbili ni za kamba. Majina ni ya maloiboni wa Kimaasai, Mbatian na watu wake, yaliwekwa na Mackinder, mzungu alifika juu ya Batian 1899. Miaka hamsini kabla yake, 1849, mzungu mwingine, Krapf, aliuona mlima akiwa Kitui, akaandika Ulaya ati kuna theluji kwa ikweta. Wakamwona muongo. Wakamba waliokuwa wanamwonyesha hawakuhitaji kuaminiwa na mtu.

Barafu yenyewe inaisha. Gaidi alituonyesha na kidole mahali ilikuwa inafika akiwa kijana, na kidole ilisonga mbali sana. Hakusema kitu kingine, akawasha stovu.

Kufika saa nne mawingu yakarudi, kazi ikaisha. Na hapa ndio nitabishana na mbogi nzima ya wale wa Lenana kwa siku mbili. Najua form: mnatoka Nai Ijumaa usiku, Jumamosi mko kambi ya Shipton, kilomita 14 zaidi na mita 4,200, saa nane usiku mnavutana kwa giza, mnatapika, mnapiga picha na bango, Jumapili mko kwa mat mmelala mdomo wazi. Couple ikienda hivyo inarudi ikiwa haiongei. Kama ni wikendi tu na ni nyinyi wawili, ishieni Old Moses. Ni bei ya chini, ni usingizi wa ukweli, na juu unaiona bado. Lenana inataka siku nne ama tano, na hizo siku haziibiwi.

Tulishuka polepole. Mimi niliimba, vibaya, lakini mistari mizima. Kwa geti renja alitaka kuona taka zetu, tukaonyesha mfuko yetu, akatikisa kichwa, akatufungulia. Soda zangu sikuuliza.

Zile ndula nyeupe manzi aliziosha, akaziweka kwa kibanda. Zilienda Jumanne, soo sita, kwa kijana mmoja aliyesema anaenda nazo Longonot. Manzi alimshauri achukue zenye meno. Kijana akamwambia asijali, ako fiti.