Pasi ya nini? Henga na maji vinatosha!

Usiombe yakukute. Kesho yake saa tatu asubuhi nina intavyuu ya ukarani kule Posta, na usiku huo, ndiyo kwanza nachomeka pasi, umeme ukakatika. Shati langu jeupe, pamba tupu, lilikuwa limekunjamana utadhani limetafunwa na ng'ombe.

Nikajifanya mjanja, nikaazima pasi ya mkaa kwa jirani. Bwana wee! Napepea ili moto ukolee, cheche ikaruka ikatua kifuani mwa shati. Tundu hilo! Nimekula wa chuya, na mfukoni nimebaki na nauli tu.

Mama mwenye nyumba alikuwa barazani. Huyu zamani alifulia watu nguo Upanga.

"Shikamoo mama. Nimekwisha!"

"Marahaba." Akacheka kwanza (wazee nao!), kisha akauliza, "Shati lingine huna, mwanangu?"

Lilikuwepo la bluu, la pamba iliyochanganywa na poliesta, ambalo nilikuwa nalidharau. Akasema hilohilo ndilo litakaloniokoa, kwa sababu poliesta hainywi maji mengi, hukauka upesi. Akalilowesha lote. Nikataka kulikamua, akanipiga kibao cha mkono! Akalitoa kwenye beseni likichuruzika, akalikung'uta mara tatu nne mpaka likalia pa, akalitia kwenye henga na kufunga vifungo vya juu. Halafu akanyoosha kwa viganja kola, mishono na ncha za mikono. Tukalitundika dirishani, beseni chini yake.

Siri ni nini? Nyuzi za pamba zikilowa hulegea, na zikikauka hubaki katika umbo lilelile zilimokaukia. Ukikamua na kuzisokota, umezifundisha mikunjo. Ukiziacha na maji yake, uzito wa maji unazivuta chini zinyooke. Asubuhi shati lilikuwa safi kabisa, ila kola ilikuwa na unyevu kidogo. Nani ataishika?

Tangu siku hiyo pasi naiona kwa majirani tu. Suruali naitundika kichwa chini kwa vibanio, miguu juu, ili uzito wa kiunoni uivute. Ikishakauka kabisa naikunja kwa kufuata mstari, naizungushia khanga na kuilalia chini ya godoro. Isiwe mbichi hata kidogo, utanuka uvundo ofisi nzima. Ukiwa na haraka, nyunyizia maji penye mikunjo, vuta kwa kiganja, tundika. Wengine husifia mvuke wa maji ya moto bafuni, lakini bafu letu la uani halina paa, mvuke wote unakwenda mbinguni.

Na ukienda Karume kuchagua mitumba, usiangalie rangi peke yake. Finya kitambaa ngumini, hesabu mpaka kumi, achia. Kikibaki na makunyanzi, mrudishie muuzaji. Utakutana pia na mashati ya pamba yasiyojikunja kirahisi. Pamba yake imetiwa dawa inayofunga nyuzi zisiteleze. Mmoja wa waliofanikisha ujuzi huo ni mwanamama mkemia wa Marekani, Ruth Benerito, aliyefariki 2013. Mungu amrehemu, kanipunguzia gharama za mkaa.

Kuhusu intavyuu, nilifika saa mbili na nusu, nimenyooka. Majibu bado nasubiri. Lile shati jeupe nimelishonea mfuko juu ya tundu, sasa lina mifuko miwili, na washikaji wanauliza nimelinunua wapi.