Kabla ya kuchagua kozi: Masharti ya ualimu wa Kiingereza na taaluma ya uhalifu

KILA mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, yanapotangazwa, vijana na wazazi wao huketi chini na kuanza kupiga hesabu za kozi. Kwa mwanafunzi aliyefanya vyema katika lugha na masomo ya jamii, kozi mbili hazikosi kutajwa: ualimu wa Kiingereza na taaluma ya uhalifu, ambayo vyuoni huitwa kriminolojia.

Ukizitazama kwa haraka, kozi hizi zinafanana. Shahada zake huchukua miaka minne, na zote hudai alama ya wastani ya C+ kabla ya mwanafunzi kukubaliwa chuo kikuu.

Tofauti hujitokeza siku mhitimu anapochukua cheti chake na kwenda kutafuta kazi. Yule wa ualimu hugundua kwamba mwajiri anarudi nyuma kukagua alama alizopata akiwa kidato cha nne. Yule wa uhalifu hugundua kwamba kazi aliyoitamani, hasa ya polisi, haikuhitaji shahada hiyo tangu mwanzo.

Ndiyo maana ni muhimu masharti ya kozi hizi yaeleweke mapema, kabla ya fomu kujazwa na karo kulipwa.

Alama ya kuingilia

Mtihani wa KCSE una ngazi 12 za alama, kuanzia A hadi E. Alama ya wastani hutokana na masomo saba, na jumla ya juu kabisa ni pointi 84. Anayefikisha pointi 46 hupata C+, na hicho ndicho kiwango cha chini cha kusomea shahada humu nchini.

Hata hivyo, kufikisha C+ si sawa na kupata nafasi. Huduma ya kuwateua wanafunzi wa vyuo, KUCCPS, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, hutazama pia masomo manne yanayohusiana na kozi inayoombwa. Waombaji wakiwa wengi kuliko nafasi, wenye pointi za juu zaidi katika masomo hayo ndio hutangulia. Hivyo basi, C+ humruhusu mwanafunzi kuingia uwanjani tu. Mchezo wenyewe bado haujachezwa.

Aidha, chuo kinaweza kudai alama fulani katika somo mahususi. Hapa ndipo njia ya mwalimu wa Kiingereza inapoanza kuachana na ile ya msomi wa uhalifu.

Mwalimu wa Kiingereza

Ualimu ni kazi inayolindwa na sheria. Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, imetajwa katika Kifungu cha 237 cha Katiba ya mwaka 2010, na Sheria ya TSC ya mwaka 2012 hairuhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa na tume hiyo. Sharti hili huwahusu walimu wa shule za umma na za kibinafsi vilevile.

Kwa anayetaka kufundisha shule ya upili akiwa na shahada, tume hutaka mambo mawili kutoka kwa KCSE: alama ya wastani ya C+, na alama isiyopungua C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Shahada yenyewe nayo iwe imeyashughulikia masomo hayo mawili, pamoja na mafunzo ya ualimu.

Sharti la pili ndilo huwaponza wengi. Chukua mfano wa mwanafunzi aliyepata wastani wa B, akafaulu sana katika Historia na Dini, lakini akapata C katika Kiingereza. Alama yake ya wastani inatosha kwa chuo kikuu. Anaweza kupata chuo cha kumfunza lugha na fasihi ya Kiingereza katika shahada ya kawaida ya sanaa, na hata akahitimu kwa daraja la kwanza. Lakini akifika TSC, ile C ya kidato cha nne itamsubiri mlangoni. Wakati huo miaka minne imepita na karo imelipwa.

Kwa somo la Kiingereza kuna jambo jingine la kuzingatia. Shule za upili hutarajia mwalimu mmoja afundishe lugha na fasihi kwa pamoja. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, Fasihi ya Kiingereza haitahiniwi peke yake bali imeunganishwa na somo la lugha.

Muundo wa mtihani unadhihirisha hali hiyo. Karatasi ya kwanza, yenye alama 60, hupima matumizi ya lugha katika shughuli za kawaida. Ya pili, yenye alama 80, huwa na ufahamu, uchambuzi wa fasihi na sarufi. Ya tatu, yenye alama 60, huwa na utungaji na insha kuhusu vitabu teule. Mwalimu anayejua sarufi peke yake hawezi kumwandaa mtahiniwa kwa karatasi zote tatu, sawa na yule anayejua riwaya na tamthilia peke yake.

Vyuoni, kinyume na shuleni, lugha na fasihi kwa kawaida hufundishwa kama masomo mawili tofauti. Utengano huo una historia yake. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka katika Chuo Kikuu cha Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo badala ya ile ya Uingereza. Baadaye fasihi ilipata idara yake. Kwa hivyo mwanafunzi wa ualimu wa Kiingereza huhesabiwa kuwa na masomo mawili ya kufundisha: Kiingereza na Fasihi.

Upande wa lugha, mwanafunzi husoma fonetiki na fonolojia, mofolojia, sintaksia, semantiki na isimujamii. Upande wa fasihi, husoma fasihi simulizi, riwaya, tamthilia, ushairi na uhakiki. Juu ya hayo huongezewa saikolojia ya elimu, falsafa na sosholojia ya elimu, mbinu za kufundisha na upimaji. Kisha hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha yanayochukua takriban muhula mmoja, huku wahadhiri wakifika darasani kumkagua.

Aliyesomea shahada ya kawaida ya sanaa hajafungiwa mlango kabisa. Akiwa na masomo mawili yanayofundishwa shuleni, na alama zake za KCSE zikikubalika, anaweza kujiunga na stashahada ya uzamili katika elimu ili apate mafunzo ya ualimu. Lakini mtu aliyejikita katika somo moja tu kwa miaka yote minne huwa amejinyima nafasi hiyo bila kujua.

Msomi wa uhalifu

Taaluma ya uhalifu haina tume inayofanana na TSC. Hakuna sheria inayomtaka mhitimu wake asajiliwe kabla ya kutumia elimu yake. Kwa sababu hiyo, lango la kuingilia ni pana zaidi. Vyuo kama vile Egerton, Masinde Muliro na Dedan Kimathi vimekuwa na shahada za taaluma hii, mara nyingi zikiunganishwa na masomo ya usalama.

Darasani, mwanafunzi huchunguza kwa nini watu huvunja sheria, jamii hulichukuliaje tendo hilo, na adhabu ina manufaa gani. Husoma sosholojia, saikolojia, haki za waathiriwa, makosa ya watoto, usimamizi wa magereza, na namna ya kukusanya na kuchanganua takwimu. Hufunzwa pia misingi ya Kanuni ya Adhabu, sheria ya ushahidi na utaratibu wa kesi za jinai. Katika kipindi cha likizo hutarajiwa kupata mafunzo ya nyanjani katika asasi zinazohusika.

Kuna dhana mbili potovu zinazowapoteza wengi kuhusu kozi hii. Ya kwanza ni kwamba inamfanya mtu kuwa wakili. La hasha. Kusoma sheria ya jinai kwa mihula michache hakumpi mtu idhini ya kumtetea mshtakiwa wala kuongoza mashtaka. Anayetaka uwakili hana budi kusomea shahada ya sheria, kisha apitie mafunzo ya Chuo cha Mafunzo ya Sheria cha Kenya.

Dhana ya pili ni kwamba shahada hii ni njia ya mkato ya kuwa afisa mkubwa wa polisi. Anayetaka kuajiriwa kama konstebo huhitaji alama ya wastani ya D+ katika KCSE, mbali na masharti ya umri, kimo na afya. Shahada si sharti. Aliyesoma miaka minne anaweza kujikuta katika foleni moja na aliyetoka kidato cha nne juzi, wakikimbia mbio zilezile na kulipwa mshahara uleule.

Nafasi za makurutu wanaoingia kama makadeti hutengewa wahitimu wa vyuo, lakini hutangazwa kwa nadra, na waombaji hutoka katika taaluma nyingi, si ya uhalifu pekee. Isitoshe, mwaka 2018 maafisa wa vyeo vya chini waliokuwa wakilipwa zaidi kwa sababu ya shahada zao walipunguziwa mishahara, na mzozo huo ukafika mahakamani. Funzo lililobaki ni kuwa katika huduma ya polisi, cheo na cheti ni vitu viwili tofauti.

Je, shahada hii haina faida? Inayo, ila iko mahali ambapo wengi hawaangalii. Idara ya probesheni, kwa mfano, huhitaji wahitimu wa masomo ya jamii wakiwemo wa uhalifu. Afisa wa probesheni huchunguza maisha ya mshtakiwa, familia na jamii yake, kisha huiandikia mahakama ripoti kabla ya hukumu kutolewa. Pia husimamia wanaotumikia adhabu nje ya gereza, ikiwemo ile ya huduma kwa jamii iliyowekwa na sheria ya mwaka 1998.

Nafasi nyingine hupatikana katika urekebishaji wa wafungwa, uchunguzi wa ufisadi, udhibiti wa ulaghai katika benki na kampuni za bima, utafiti, na mashirika yanayoshughulikia watoto na waathiriwa wa dhuluma. Sekta ya ulinzi wa kibinafsi nayo iliwekewa sheria yake mwaka 2016.

Kufuzu si kuajiriwa

Hata mwalimu aliyetimiza kila sharti hana hakika ya ajira. Kusajiliwa na TSC humpa haki ya kufundisha, lakini hakumpi nafasi ya kazi. Walimu wengi waliosajiliwa husubiri kwa miaka, wengine wakifundisha kwa mikataba ya bodi za shule au kama vibarua chini ya mpango wa tume, mpango ambao umewahi kuzua kesi mahakamani.

Mtaala nao unabadilika. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walijiunga na sekondari ya msingi mwaka 2023, na KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 imepangwa kufanywa mwaka 2027. Katika mpango wa shule za upili za mtaala mpya, Kiingereza ni somo la lazima kwa wote, ilhali Fasihi ya Kiingereza imeorodheshwa kama somo la kuchagua katika mkondo wa sayansi za jamii. Anayeanza kusomea ualimu sasa atafundisha katika mfumo huo, si ule aliosomea mwenyewe.

Maswali ya kuuliza mapema

Mwanafunzi na mzazi wake wanaweza kuepuka hasara kwa kuuliza maswali machache kabla ya kuthibitisha kozi.

Kwanza, je, kozi hiyo imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu? Kuidhinishwa kwa chuo hakumaanishi kwamba kila kozi yake imeidhinishwa.

Pili, kwa ualimu, je, mwanafunzi ana C+ katika Kiingereza chenyewe, na kozi ina Kiingereza pamoja na Fasihi? Iwapo kuna shaka yoyote, jibu litafutwe kwa TSC, si kwa wakala wa chuo anayesaka wanafunzi. Ni vyema jibu hilo liwe la maandishi.

Tatu, kwa taaluma ya uhalifu, ni kazi gani hasa inayolengwa? Matangazo ya kazi ya miaka ya karibuni huonyesha wazi kama mwajiri alitaka shahada hiyo, shahada nyingine, au alama za kidato cha nne tu.

Nne, iwapo mwanafunzi amekwisha kuteuliwa kwa kozi isiyomfaa, afanye nini? KUCCPS huwa na kipindi cha kuomba kuhamia kozi au chuo kingine. Kipindi hicho ni kifupi, na anayelala hupitwa.

Wapo wazazi wanaouza ng'ombe au kipande cha shamba ili mtoto asome. Kwao, muda wa kusoma masharti haya ni mfupi sana ukilinganishwa na miaka minne ya karo. Waswahili walinena kwamba kuuliza si ujinga, na mahali bora pa kuuliza ni kabla ya fomu kutumwa.