Mjomba Yuko Kambini

Kwetu Mnyambe, kama kwa Wamakonde wengine wa uwanda wa Newala, mtoto ni wa ukoo wa mama. Siku ya kumwingiza jandoni au unyagoni baba yupo, lakini anayetazamwa ni mjomba. Yeye ndiye mwenye mtoto. Na siku wali wanapotolewa, wakiwa wamepakwa mafuta na kuvishwa kanga mpya, ngoma ya sindimba ikiwa imepamba moto, mjomba asiyeonekana huuliziwa na kila mtu.

Kwa jicho hilo ninaitazama Nachingwea, mji uliozaliwa na karanga.

Uingereza ilitoka vitani ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa Wakefield ulizunguka kwa wiki chache, mara nyingi kwa ndege, ukashauri zilimwe zaidi ya ekari milioni 3 za karanga, sehemu kubwa Tanganyika, na kusini kwetu kuliko kwingine kote. Shirika la Overseas Food Corporation likashika kazi mwaka 1948. Msitu wa Nachingwea ukaangushwa, zikaota karakana, nyumba za Wazungu na kambi za vibarua. Reli ikapanda kutoka pwani, na Mtwara ikaanza kujengewa bandari ya kina kirefu.

Vijana wa kusini walikuwa wamekwisha kuzoea kwenda manamba kwenye mkonge. Sasa mshahara ulikuwa jirani. Lakini msitu hufyekwa kiangazi, na kiangazi ndiyo yalikuwa majira ya mila: chakula kimo ghalani, mvua hakuna, nyakanga, mkuu wa jando na unyago, amekwisha kuitwa. Mwaka wa njaa ngoma huahirishwa, kwa sababu wali hulishwa na wageni hulishwa. Kalenda ya shirika haikuijua shibe wala njaa yetu. Ilijua zamu na siku ya malipo. Mtu alilazimika kuchagua kati ya fedha ya kununulia kanga na kuwapo mwenyewe kanga inapovishwa. Mimi sioni kuwa jambo hilo ni dogo.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ikaachana na mpango wenyewe, pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea. Udongo, mvua na mashine havikukubaliana na hesabu za karatasini. Reli ilijikongoja, ikafika hata Masasi, kisha ikafungwa mwaka 1962 na vyuma vikang'olewa. Mashamba yaliyokuwa na namba badala ya majina yakabaki na namba zake. Farm 17 ndiko wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji walikofanyia mazoezi miaka ya 1960, Samora Machel akiwa miongoni mwao, na hadi leo watu wa Nachingwea huitamka namba hiyo kama jina la kijiji cha mababu.

Bandari ya Mtwara haikung'olewa. Inapakia korosho, zao ambalo mkulima mdogo wa uwandani hulipanda mlangoni pake, chini yake akichanganya mihogo na kunde. Mikorosho haikumwita mtu kambini. Minada ikifunguliwa Oktoba, mjomba yuko nyumbani, anahesabu magunia, na dada yake amekwisha kumwambia ni watoto wangapi watachezwa, siku hizi shule zikifungwa Desemba.