Likizoni, ipeleke familia kwenye misitu ya Taita

LIKIZO ya Agosti inapofika, familia nyingi za Nairobi na Mombasa hujua njia mbili tu: kwenda ufuoni, au kukaa nyumbani watoto wakikodolea macho televisheni. Hata hivyo, iko njia ya tatu, tena ya gharama nafuu. Njia hiyo huchepuka kutoka barabara kuu pale Voi, na baada ya kilomita 25 hivi humfikisha msafiri Mwatate.

Mwatate, makao makuu ya Kaunti ya Taita Taveta, ni mji ulio kwenye njia panda. Barabara moja inaelekea Taveta, sambamba na reli ambayo Waingereza walianza kuijenga mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Nyingine inapanda milimani hadi Wundanyi. Huko bondeni ni joto na mashamba ya mkonge. Matatu inapopinda kona chache za mlima, abiria huanza kutafuta sweta.

Wenzetu wa Ulaya hungojea majira ya joto ndipo watembee msituni. Huku Taita, Juni hadi Septemba ni miezi ya baridi na ukungu, lakini masika yamekwisha na vijia havitelezi sana. Januari na Februari pia hufaa.

Msitu gani?

Ulio karibu na Mwatate ni Chawia, ambao unafaa familia yenye watoto. Ngangao, juu ya Wundanyi, una miti mirefu ya kiasili na huhitaji nusu siku. Mbololo, upande wa Voi, ni wa wanafunzi wenye miguu imara. Anayetaka kilele na apande Vuria, wenye zaidi ya mita 2,200. Asubuhi isiyo na mawingu, Kilimanjaro huonekana kutoka huko.

Misitu hii ni midogo mno. Ngangao una kama hekta 120, na Mbololo kama hekta 200. Ukiijumlisha yote miwili pamoja na Chawia, haifiki nusu ya Msitu wa Karura jijini Nairobi. Sehemu kubwa ilifyekwa kwa ajili ya mashamba, na kwingine ikapandwa misonobari na mikaratusi.

Hata hivyo, ndani ya vipande hivyo mna viumbe wasiopatikana popote pengine duniani. Yumo ndege mwenye kichwa cheusi, mdomo wa rangi ya chungwa na mbavu za rangi ya kutu, ambaye wataalamu humwita Turdus helleri. Huyu hutafuta chakula chini, akipekuapekua majani makavu. Kwa hiyo, wanaopiga kelele hawamwoni. Huko Mbololo huota mwituni ua dogo la zambarau, ndugu wa yale ambayo Wazungu huyapanda ndani ya vyungu vya nyumbani.

Misitu hii pia hunasa ukungu na kulisha vijito. Mto Voi, unaoteremka kwenye nyanda kavu za Tsavo, huanzia katika milima hii. Wazee wa Kitaita walilijua jambo hilo zamani. Walikuwa na fighi, yaani vijisitu vitakatifu ambavyo mtu hakuruhusiwa kukata mti ovyo.

Na ziwani je?

Wapendao maji wanaweza kwenda Ziwa Chala, karibu na Taveta, zaidi ya kilomita 80 kutoka Mwatate. Ni ziwa la kreta lililo mpakani mwa Kenya na Tanzania, na maji yake hutoka chini ya ardhi, upande wa Kilimanjaro. Tembeeni ukingoni mkitazama, lakini msiogelee. Mwaka 2002 msichana kutoka Uingereza aliuawa humo na mamba. Ziwa Jipe nalo limepakana na Mbuga ya Tsavo Magharibi. Huko kuna ndovu na viboko, kwa hiyo usithubutu kutembea kwa miguu bila askari wa wanyamapori.

Kabla ya kuondoka

Pitia kwanza ofisi ya misitu upate idhini, kisha tafuta kijana wa kijijini awaongoze, mkipatana malipo mapema. Vaeni raba zenye meno na suruali ndefu, na mchomeke miguu ya suruali ndani ya soksi, kwa kuwa siafu hawana adabu. Bebeni maji, viazi vitamu, ndizi na makoti ya mvua. Anzeni safari saa mbili asubuhi, na kufikia saa tisa muwe mmeanza kurudi, maana ukungu hushuka ghafla.

Mkikuta mapango yenye mafuvu ya mababu, msiyaguse wala kuyapiga picha bila ruhusa ya wenyeji. Msing'oe ua wala kuacha karatasi. Msitu wa hekta mia moja hauna mahali pa kuficha uharibifu. Tembea uone, walisema wahenga, na unaporudi nyumbani hakikisha umemwachia na mwenzako cha kuona.