Jimnastiki ya Shule, Somo la Kubeba Mpaka Uzee

Kila mwaka masomo yanapoanza, wazazi wanafika hospitalini kuomba karatasi ya munganga. Mtoto si mgonjwa. Wanataka tu aachiliwe saa ya jimnastiki katika shule ya sekondari. Mmoja anasema, “Binti yangu atamaliza nguvu zake, halafu atasoma namna gani?” Mwingine anasema haifai msichana kuruka mbele ya watu. Mwingine, naye ni mzee wa kanisa, anafungua 1 Timotheo 4:8 na kutuonyesha kwamba Paulo hakuyapa mazoezi ya mwili sifa kubwa.

Tumjibu huyu wa mwisho kwanza. Paulo anapima vitu viwili, utauwa na mazoezi ya mwili, na anaona utauwa una faida kubwa kupita. Hakusema mazoezi hayana faida. Mtu akiwa na shamba kubwa na shamba dogo, je, atalitupa lile dogo? Tena Paulo huyu alichukua mfano wa wakimbiaji alipowaandikia Wakorinto, na hakuona haya. Someni pia Matendo 20:13. Wenzake walipanda merikebu kwenda Aso, yeye akachagua kwenda kwa miguu.

Sasa tuangalie moyo. Moyo ni nyama, kama nyama ya mkono au ya paja. Nyama isiyotumika inalegea. Nyama inayofanya kazi inavuta sukari kutoka katika damu, kwa hiyo mazoezi yanasaidia kukinga ugonjwa wa sukari. Tena yanashusha tansio. Wagonjwa wengi wanaobebwa mpaka kwetu wamepooza upande mmoja hawakujua kamwe kwamba tansio yao imepita 14 kwa 9. Hawakusikia maumivu, basi hawakuja kupimwa. Wengine wao si wazee. Wana watoto wadogo nyumbani, na mkono wa kuume hausogei tena.

Kuna jambo moja lililoonekana Uingereza ambalo linafundisha vizuri. Munganga mmoja, Jerry Morris, aliwachunguza watu wa mabasi ya London, yale mabasi yenye ghorofa. Dereva alikaa kitini siku nzima. Mwenzake wa kukata tiketi alipanda na kushuka ngazi siku nzima. Walikuwa watu wa mji mmoja na wa kazi moja. Mwaka 1953 Morris alitangaza alichokiona: ugonjwa wa moyo uliwashika madereva zaidi kuliko wale wa tiketi, na ulipowashika madereva, uliwaua zaidi. Baadaye aliangalia vipimo vya nguo zao za kazi, akaona suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni! Morris mwenyewe alikufa mwaka 2009, akiwa na miaka 99.

Mtauliza, mbona babu zetu hawakufundishwa jimnastiki? Hawakuihitaji. Hata leo mama wa kijijini anayelima tangu asubuhi na kuleta maji na kuni, mwili wake umekwisha kufanya kazi ya kutosha. Tusimwambie akimbie jioni. Apumzike, na mume wake achukue ndoo. Lakini kijana wa sekondari anatazamia kazi ya kiti na meza. Atakwenda Bunia, Bukavu au Lubumbashi, atapanda moto kutoka nyumbani mpaka ofisini, atarudi kwa moto, atakula bugali nyingi usiku na kulala. Yeye ni kama yule dereva wa London. Kwa sababu hiyo lazima ajifunze sasa, wakati mwili wake ungali mwepesi kujifunza.

Na hapa nina neno kwa walimu. Katika shule nyingi saa ya jimnastiki ni mpira tu. Wanaojua wanacheza. Wengine wote wanakaa chini ya mti na kuwashangilia. Mpira ni mzuri, mimi siukatai. Lakini ni nani kati yetu wenye miaka 50 anayepata watu 22 na uwanja kila juma? Fundisheni vitu ambavyo mtu mmoja anaweza kufanya peke yake, bila feza: kutembea kwa haraka, kuruka kamba, kupanda kilima, kunyosha viungo, kuinua mzigo kwa kukunja magoti bila kuumiza mgongo.

Fundisheni pia mwanafunzi kusikiliza moyo wake. Aweke vidole viwili juu ya mshipa wa mkono, chini ya kidole gumba, ahesabu mapigo kwa sekunde 30, halafu azidishe kwa 2. Mtu mzima aliyetulia anapata kati ya 60 na 100. Akitembea kwa nguvu ya kutosha, anaweza kusema na mwenzake lakini hawezi kuimba. Kipimo hicho hakiombi saa wala mashini.

Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa shauri mwaka 2020: mtoto wa miaka 5 mpaka 17 atumie mwili kwa dakika 60 kila siku, na mtu mzima dakika 150 mpaka 300 kwa juma. Dakika 30 kwa siku tano zinafikisha 150. Kwa wengi wenu ni njia ya kwenda kanisani na kurudi, kama mngeacha moto.

Lakini jimnastiki si hirizi. Eric Liddell alishinda mbio za mita 400 huko Paris mwaka 1924, kisha akaenda China kuwa mwalimu wa misheni. Katika kambi ya wafungwa wakati wa vita aliwapangia vijana michezo. Alikufa humo mwaka 1945 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 43. Mwili wa nguvu nao unakufa, na Mkristo anajua hivyo.

Basi, nani apewe karatasi? Siku za mwezi si ugonjwa. Msichana anaweza kucheza, ila kama maumivu ni makali apumzike. Suketi ndefu na suruali chini yake zinatosha kuondoa haya. Mwenye homa akae mpaka apone. Mwenye pumu acheze, lakini aanze polepole na dawa yake ya kuvuta iwe karibu. Mtoto wa SS ndiye wa kuangaliwa sana. Asilazimishwe mbio ndefu, asikae katika jua kali wala katika mvua ya baridi, anywe maji mara nyingi, na aachwe apumzike anapoomba. Mwalimu asimwite mvivu. Na mtoto yeyote anayezimia akikimbia, au kuumwa kifua, asimame mara moja, aletwe kwetu.

Kwa hiyo mzazi anayetaka karatasi amlete mtoto mwenyewe, asilete jina lake tu, na kama alipimwa damu ya SS alete matokeo. Tutaandika yale mtoto anayoweza kufanya pamoja na yale asiyoweza, na tarehe ya kurudi kupimwa tena.