Kushindwa kwa Penzi katika Wimbo "Malaika": Mtazamo wa Kiisimu

Miongoni mwa nyimbo za Kiswahili zilizovuka mipaka ya Afrika ya Mashariki, pengine hakuna uliosikika mbali zaidi kuliko "Malaika". Fadhili William na bendi yake ya Jambo Boys waliurekodi nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutia katika albamu yao ya pamoja. Kundi la Boney M. likaurekodi mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin mwaka 1991. Wasikilizaji wengi wasiojua Kiswahili huupokea kama wimbo mtamu wa mapenzi, basi. Hata kwa wanaokijua, si ajabu kuusikia ukiimbwa harusini. Hali hiyo inastaajabisha kidogo, kwa kuwa wimbo wenyewe ni malalamiko ya kijana anayependa lakini hawezi kuoa. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba kushindwa kwa penzi hilo hakumo katika maelezo ya wimbo peke yake, bali kumo pia katika sarufi yake.

Kabla ya kuingia katika lugha, yafaa kutaja kwamba utunzi wa wimbo huu umebishaniwa kwa muda mrefu. Fadhili William, mwenyeji wa Taita aliyefariki dunia mwaka 2001, alijulikana kuwa mtunzi wake. Adam Salim wa Tanzania naye alidai kuwa aliutunga katika miaka ya 1940. Si kazi ya isimu kuamua mgogoro huo. Jambo la kuzingatia ni kwamba wanaume wawili waliweza kudai kisa kimoja, na wasikilizaji wakakisadiki kwa kila mmoja wao. Kijana mwenye mapenzi na asiye na mali hakuwa mtu wa nadra.

Lugha ya wimbo huanza na jina la mpenzi. Neno "malaika" limetoka katika Kiarabu, na huko ni umbo la wingi. Kiswahili kililipokea bila kujali wingi huo: husemwa malaika mmoja, malaika wengi, na upatanisho wake ni wa viumbe hai. Maana zake nazo zimepanuka. Mbali na kiumbe wa mbinguni, malaika ni mtoto mchanga asiye na dhambi, na pia ni vinyweleo laini vya mwilini. Hivyo neno moja hukusanya utakatifu, upole na ulaini wa ngozi. Jina la pili analopewa mpenzi ni "kidege", ambapo kiambishi ki- kimepachikwa katika shina la "ndege" kuonyesha udogo na, katika muktadha huu, huba. Majina haya mawili yana jambo moja linayoyaunganisha: malaika na ndege wote wana mabawa. Mpenzi anaitwa kwa majina ya viumbe wanaopendeza machoni na wasioshikika kwa mkono.

Moyo wa wimbo, hata hivyo, umo katika kitenzi kimoja: "ningekuoa". Kikichanganuliwa, kitenzi hiki kina mofimu tano: ni-nge-ku-o-a. Ya kwanza ni nafsi ya msemaji, ya pili ni alama ya sharti, ya tatu ni nafsi ya mpenzi, ya nne ni mzizi wa tendo, na ya tano ni kiishio. Kwa kanuni za kawaida za uambishaji wa Kiswahili, nafasi iliyo kati ya mtenda na mtendwa ni nafasi ya njeo au hali. Katika kauli ya furaha nafasi hiyo ingejazwa na -ta-, nayo ikawa ahadi, au na -me-, nayo ikawa habari ya ndoa iliyofungwa. Hapa imejazwa na -nge-. Msemaji na mpenzi wake wamo ndani ya neno moja, na kinachowatenganisha ni silabi moja ya sharti lisilotimia.

Ni muhimu pia kwamba silabi hiyo si -ngali-. Wanasarufi wengi hutofautisha viambishi hivi viwili: -ngali- huhusishwa na jambo lililokwisha kupita na lisiloweza kurekebishwa, ilhali -nge- huhusishwa na sharti ambalo halijatimia sasa. Ingawa katika mazungumzo ya kila siku tofauti hiyo haizingatiwi daima, katika wimbo huu ina uzito. Kijana hasemi kwamba mambo yamekwisha. Mlango haujafungwa, yeye ndiye asiye na cha kuingilia.

Kizuizi chenyewe kinatajwa kwa maneno "mali" na "pesa". Neno "mahari", ambalo mtu angelitazamia, halimo katika maneno yanayoimbwa kwa kawaida. Kama lingekuwamo, lawama ingeelekea kwa wazazi, au kwa mila ya watu fulani. "Mali" ni neno pana zaidi. Halina mtu wa kulaumiwa. Nacho kitenzi kinachoambatana na hali hiyo ni "kushindwa", umbo la kutendwa la "kushinda". Kijana si mtenda katika jambo hili. Ameshindwa, na aliyemshinda si mwanamume mwingine.

Kitenzi "kuoa" kina suala jingine. Kwa desturi ya Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na wazazi huoza. Tendo moja lina pande tatu, na kila upande una umbo lake. Katika wimbo huu mwozaji hatajwi kabisa; mahali pake pamekaliwa na mali. Mwanamke naye hana kauli: anasemeshwa tangu mwanzo hadi mwisho, wala msikilizaji haambiwi kama yeye anapenda, anasubiri, au amekwisha kuposwa kwingine. Makeba na Kidjo walipouimba, waliimba kwa kitenzi cha mwanamume. Jambo hilo si kosa. Mapokeo ya ushairi wa Kiswahili huitenganisha nafsineni na mtu anayeimba, na katika taarabu ni kawaida kwa mwanamke kuimba shairi lililotungwa na mwanamume. Ila kila sauti ya kike inapoubeba wimbo huu, mwenye kujua lugha husikia pia pengo la jibu ambalo halikutungwa.

Kwa hiyo anayeuimba "Malaika" harusini hana haja ya kuacha. Inatosha ajue anachokiimba: wimbo wa mtu ambaye harusi yake haikuwapo. Utamu wa sauti umeusafirisha wimbo huu hadi kwa wasiojua neno hata moja la Kiswahili. Wenye lugha wamebakiwa na jukumu la kuisikia ile -nge-, kwani bila hiyo kijana yule angekuwa ameoa.