Batri ikivimba, usilale nayo

Congo yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Inatoka Kolwezi kama udongo, inaturudilia mu mfuko kama batri ya telefone. Basi ni vizuri tujue namna inavyoweza kuwaka.

Ndani ya batri ya litiyumu kuna sehemu mbili zenye kutengwa na ngozi nyembamba ya plastiki, pamoja na maji yenye kushika moto upesi. Ngozi ile ikitoboka, sehemu zile zinagusana, joto linapanda, na joto linazaa joto lingine. Hapo moto unatoka, pamoja na moshi wa sumu. Mwaka 2016 kampuni Samsung ilirudisha telefone za Galaxy Note 7 karibu milioni 2 na nusu kwa sababu ya batri zenye kuwaka.

Wazazi na vijana, mushike haya:

– Musichaji telefone juu ya kitanda ao chini ya mto. Mukienda kulala, muchomoe.

– Batri yenye kuvimba, musiikandamize wala kuitoboa. Muache kuitumia, muiweke inje, mbali na watoto.

– Batri ya zamani musiitupe mu mbabula.

– Ikiwaka, mutoe watu kwanza, mukate kuran, kisha mumwange maji mengi toka mbali. Mchanga unafunika tu. Maji ndiyo yanapoza ndani. Musivute moshi ule.

Telefone inanunuliwa tena. Mtoto, hapana.